Kamera ya matukio kwenye simuleta: dalili, visababishi na namna ya kurekebisha

Pikseli ya kamera ya matukio haipigi picha. Inakumbuka logi (logarithimu) ya mwangaza wa mara ya mwisho ilipotoa tukio. Mwangaza ukipanda au kushuka kupita kizingiti, inatoa vitu vinne: x, y, muda, na alama ya kupanda au kushuka. Simuleta, iwe ESIM, v2e au kamera ya DVS (jina jingine la kamera ya matukio) iliyomo ndani ya CARLA, simuleta ya magari, inaiga kazi hiyo kwa kutumia fremu za kawaida, na hapo ndipo matatizo mengi yanapoingilia. Ukiona matukio ya ajabu usikimbilie kuchezea vizingiti. Mara nyingi hesabu ya matukio ni sahihi na fremu zilizoingia ndizo mbovu.

Vipimo vya kwanza

Kipimo kinachorukwa na wengi ni hiki: simamisha kamera, simamisha kila kitu kwenye mandhari, zima kelele zote za simuleta, rekodi sekunde 2. Matukio yanatakiwa kuwa sifuri. Si machache, sifuri. Yakiwepo, fremu zako zinabadilika zenyewe, na hakuna faida ya kugusa kitu kingine mpaka hilo liishe.

Kisha sogeza kamera taratibu, chukua sekunde moja ya matukio na uchore vitu vitatu:

- histogramu ya muda, kila kisanduku mikrosekunde 100;
- picha ya jumla ya milisekunde 10, kupanda kwa nyekundu na kushuka kwa bluu;
- idadi ya matukio ya kila pikseli, ukitazama zaidi pikseli kumi zinazoongoza.

Michoro hii inachukua dakika chache, na kila dalili hapa chini inaonekana kwenye mmojawapo.

Dalili: matukio yanatoka kwa mafungu, kingo zinajirudia

Histogramu inafanana na meno ya chanuo, na kwenye picha ya jumla ukingo mmoja unaonekana kama mistari miwili au mitatu yenye nafasi katikati.

Kisababishi cha kawaida kuliko vyote ni fremu chache kwa mwendo mkubwa. Piga hesabu kabla ya kubishana na programu. Kamera yenye upana wa pikseli 640 na upeo wa nyuzi 90 ina urefu wa fokasi wa pikseli 320. Ikizunguka nyuzi 180 kwa sekunde, yaani radiani 3.14, kitu kilicho katikati ya picha kinasogea 320 × 3.14, karibu pikseli 1,005 kwa sekunde. Pembeni kabisa mwendo ni mara mbili ya huo. Kwa fremu 30 kwa sekunde, ukingo unaruka pikseli 33 kati ya fremu na fremu. Pikseli zilizo katikati ya mruko hazijui kwamba kuna kitu kimepita juu yake, na hakuna kizingiti kitakachorudisha tukio ambalo fremu haikuliona.

Kanuni ya kazi: mwendo usizidi pikseli 1 kati ya fremu mbili. Kwa mfano huo unahitaji fremu 1,000 kwa sekunde kwa ajili ya katikati, na 2,000 ukitaka pembeni nako kuwe safi. ESIM, iliyotoka Chuo Kikuu cha Zurich mwaka 2018, inaweza kubadili hatua yenyewe: mandhari ikitulia inachora fremu chache, mwendo ukiongezeka inachora nyingi. Kama injini yako ya michoro inaweza kuitwa wakati wowote unaotaka, tumia njia hiyo. Kwenye CARLA hakuna hiari hiyo. Unapunguza `fixed_delta_seconds` hadi 0.001 na kuacha `sensor_tick` iwe 0.0 ili kamera isome kila hatua.

Ukianza na video iliyokwisha kurekodiwa, v2e inaongeza fremu za kati kwa mtandao wa neva uitwao Super SloMo. Washa `--auto_timestamp_resolution`, ambayo inapima mwendo na kuchagua idadi ya fremu za kati ili usizidi pikseli moja. Ila mtandao huo unabuni. Ukingo ukiruka pikseli nyingi mno, au mandhari ikiwa na mistari inayojirudia kama uzio au ngazi, utaunganisha mstari huu na wa jirani yake, na matukio yatakwenda upande usio wake. Fungua fremu za kati uzitazame kwa macho kabla ya kuamini matokeo. Zikiwa zimevurugika, rekodi upya kwa kasi kubwa. Kuongeza fremu za kati hakusaidii hapo.

Kisababishi cha pili: simuleta haikadirii muda ndani ya hatua. Programu-jalizi nyepesi, hasa zile za Gazebo, simuleta ya roboti, zinazotoa tofauti ya fremu mbili na basi, zinayapa matukio yote muda wa fremu ya mwisho. Zipo pia zinazotoa tukio moja tu kwa pikseli hata kama mwangaza umevuka vizingiti vitano. Rekebisha kwa mstari mmoja wa hesabu. Logi ikitoka L1 kwenye t1 hadi L2 kwenye t2, kila kiwango K kilichovukwa kinapata muda wake:

t = t1 + (t2 − t1) × (K − L1) / (L2 − L1)

Kisha panga matukio yote ya hatua hiyo kwa muda kabla ya kuyatoa.

Kisababishi cha tatu ni cha CARLA: seva inakwenda bila kusubiri programu yako, kwa hiyo hatua zinakuwa ndefu na fupi kulingana na mzigo wa kadi ya grafiki. Meno ya chanuo yatakuwa na nafasi zisizolingana. Washa hali ya kwenda sambamba (synchronous mode), seva isubiri programu yako, na uweke hatua isiyobadilika.

Kama kingo hazijirudii ila ni nene na za ukungu, tazama ukungu wa mwendo wa injini ya michoro. Kamera ya RGB ya CARLA huja ikiwa na `motion_blur_intensity` ya 0.45. Uweke sifuri. Pikseli ya kamera ya matukio haina shata, kwa hiyo ukungu huo si wake.

Dalili: sehemu za giza zinachemka

Vivuli vimejaa matukio hata kamera inaposogea kidogo tu, wakati sehemu zenye mwanga ziko safi.

Hapa logi ndiyo inayokuza kosa dogo. Picha ya biti 8 ina ngazi 256. Kutoka ngazi ya 200 hadi 201 logi inaongezeka kwa 0.005, hakuna anayejali. Kutoka 1 hadi 2 inaongezeka kwa 0.69, na kwa kizingiti cha 0.2 hayo ni matukio matatu kutokana na badiliko dogo kuliko yote ambayo faili linaweza kuhifadhi. Kutoka 0 ni balaa zaidi. Simuleta nyingi huongeza namba ndogo ili logi ya sifuri isilete hitilafu. Kwenye CARLA inaitwa `log_eps` na huja ikiwa 0.001. Mwangaza ukipimwa 0 hadi 1, ngazi moja ni 0.0039, na ln(0.0049 / 0.001) ni 1.59: matukio saba kwa kizingiti cha 0.2.

Angalia kwa mpangilio huu:

1. Pandisha `log_eps` hadi 0.02. Ruko lile la 0 hadi 1 linashuka hadi 0.18, chini ya kizingiti cha 0.2, na kuchemka kunakoma. Gharama yake ni kwamba kamera inakuwa na upofu kidogo gizani. Andika namba hiyo kwenye maelezo ya jaribio lako. v2e inalitatua vingine: chini ya ngazi 20 kati ya 255 haitumii logi, inatumia mstari ulionyooka.
2. Kama unachora kwa Blender, acha biti 8. Toa faili za picha za EXR zenye namba za desimali, na kwenye usimamizi wa rangi chagua Raw. Filmic, na AgX iliyoirithi kuanzia toleo la 4.0, zimetengenezwa kupendeza macho, nazo hupinda mwangaza wote.
3. Injini ya Cycles inafuatisha miale kwa bahati nasibu, na mbegu, yaani namba inayoanzisha bahati nasibu hiyo, ikibadilika kila fremu chembechembe zinahama. Kipimo cha kamera iliyosimama kitakunasa mara moja. Ongeza sampuli kwa kila pikseli. Kufunga mbegu isibadilike kunafuta matukio kamera ikiwa imesimama, lakini ikisogea chembechembe zinabaki zimeganda kwenye skrini kama uchafu wa lenzi. Usidanganyike na hilo.
4. Video iliyobanwa kwa H.264 ina miraba gizani. Ukiona matukio yanafuata gridi ya pikseli 8 au 16, ndiyo hiyo. Hifadhi kwa PNG au FFV1, ambazo hazipotezi data.

Dalili: skrini nzima inawaka kwa mpigo

Sikiliza mdundo wake. Mdundo unataja mkosaji.

Mara moja tu mwanzoni: kumbukumbu ya pikseli ilianzishwa na sifuri badala ya logi ya fremu ya kwanza, au injini ya michoro ilikuwa bado inapakia tekscha. Anzisha kwa fremu ya kwanza, na tupa fremu za mwanzo hadi picha itulie.

Kila kamera inapotoka kivulini kwenda mwangani: injini inajirekebisha mwanga yenyewe, kama jicho. Weka `exposure_mode` iwe `manual`. Kosa hili ni baya kuliko linavyoonekana, kwa sababu linafuta faida kuu ya kamera hizi. Kamera ya matukio ya DVS128 iliyotangazwa mwaka 2008 ina upana wa mwanga, toka giza hadi mwangaza, wa desibeli 120, na wewe unailisha picha iliyokwisha kusawazishwa.

Kila baada ya sekunde kadhaa, kwa usawa: fremu kamili za video iliyobanwa. Kisimbaji cha x264 kisipoelekezwa vingine huacha hadi fremu 250 kati ya fremu kamili mbili, yaani sekunde 8.3 kwa video ya fremu 30.

Mara kumi kwa sekunde, mara nyingi kwa michirizi inayopanda au kushuka: taa. Umeme wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za tyubu na LED za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Simu inayorekodi fremu 30 inaona baki la 100 kwa 30, nalo ni 10. Rekodi kwa fremu 25 au 50 na mdundo unapotea, au toka nje kwenye jua. Aliyeko Marekani kwenye hezi 60 halioni tatizo hili kwa fremu 30, ndiyo maana maelekezo mengi ya mtandaoni hayalitaji.

Dalili: matukio ni machache mno, au hakuna kabisa

Anza na mambo ya kawaida. Je, mandhari ina tekscha? Ukuta mweupe usio na alama hautoi tukio, na simuleta inafanya haki. Je, fremu ziligawanywa kwa 255 mara mbili, moja na msomaji wa faili na nyingine na simuleta? Chapisha thamani ndogo na kubwa ya fremu moja utajua.

Baada ya hapo tazama gama. Picha ya kawaida haibebi mwangaza wenyewe. Inabeba mwangaza uliopandishwa kwa kipeo cha takriban 1/2.2. Logi inakigeuza kipeo hicho kuwa kigawo, na kila utofauti unapungua mara 2.2. Chukua ukingo kati ya karatasi inayorudisha asilimia 80 ya mwanga na wino wa asilimia 10. Logi ya uwiano ni 2.08, matukio 10 kwa kizingiti cha 0.2. Bila kuondoa gama unapata 0.95, matukio 4. Ondoa gama ya sRGB kabla ya logi. Usikimbilie kupunguza kizingiti ili kufidia: kipeo cha sRGB hakilingani gizani na mwangani, na vivuli vitakulipiza.

Kisababishi cha mwisho ni kipindi cha pumziko cha pikseli, yaani muda ambao haitoi tukio jingine baada ya kutoa moja. CARLA inakitaka kwa nanosekunde, kama jina `refractory_period_ns` linavyosema. V2e inakitaka kwa sekunde, na huja ikiwa 0.0005. Ukihamisha 500000 kutoka ya kwanza kwenda ya pili, kila pikseli inatoa tukio moja halafu inalala siku tano na ushee. Ukihamisha 0.0005 kinyume chake, pumziko linakuwa sifuri.

Na kama umebadilisha `--dvs_exposure` kwenye v2e ukashangaa idadi haibadiliki, hakuna kilichoharibika. Chaguo hilo linahusu video ya kutazamia tu, matukio yenyewe hayaguswi.

Dalili: muda una kasoro

*Matukio mengi yana muda mmoja, na hali inazidi rekodi inavyorefuka.* Umehifadhi sekunde kwenye float32, namba ya desimali ya biti 32. Kwenye sekunde ya 10 hatua yake ndogo ni karibu mikrosekunde 1. Kwenye sekunde ya 1,000 ni mikrosekunde 61. Ukitumia muda wa Unix, hatua ni sekunde 128, na rekodi yako nzima inaweza kuwa na muda mmoja. Hifadhi kwa int64, namba kamili ya biti 64.

*Muda unaruka na kuwa hasi baada ya dakika 35 na sekunde 47.* Mikrosekunde zimejaa kwenye int32.

*Kila kitu ni polepole mara nane.* Video ya simu ya fremu 240 imehifadhiwa ichezwe kwa 30. Ipe v2e `--input_slowmotion_factor 8`.

*Matukio hayafiki kwenye nodi (programu ndogo) za ROS, mfumo wa programu za roboti, au yanatupwa kama ya zamani.* Saa ya simuleta na saa ya kompyuta zimechanganyika. Weka `use_sim_time` iwe kweli kabla nodi hazijaanza.

Alama nayo huleta fujo ndogo. Faili moja linaandika kushuka kama 0, jingine kama −1. Ukijumlisha za 0 na 1 ukidhani ni −1 na +1, kushuka kote kunatoweka. Picha ikiwa imelala ubavu, umesahau kwamba safu ya numpy, maktaba ya hesabu ya Python, inaanza na y.

Dalili: kazi haiishi, diski inajaa, kompyuta inazima

Fremu 1,000 za 640 × 480 kwa biti 8 ni megabaiti 307 kwa kila sekunde ya simuleta. Kwa float32 ni gigabaiti 1.2. Usizihifadhi. Zipeleke moja kwa moja kwenye hesabu ya matukio na uandike matukio tu, kwa HDF5 iliyobanwa. Kumbukumbu ya kadi ya grafiki ikijaa kwenye v2e, punguza `--batch_size` kutoka 8 hadi 2 au 1.

Simama hapa kama kompyuta inazima ghafla katikati ya kuchora, inanuka plastiki iliyoungua, au inajiwasha upya kila kadi inapopata mzigo. Hilo ni la ugavi wa umeme au joto. Zima, chomoa, mwite fundi wa kompyuta. Usifungue kisanduku cha ugavi wa umeme hata kikiwa kimechomolewa. Kapasita zake hubaki na chaji.

Dalili: inafanya kazi kwenye simuleta, inafeli kwenye kamera halisi

Hili ndilo linalowasumbua watu miezi, na kisababishi cha kwanza ni kizingiti kimoja kilichogandishwa. Mtandao uliofunzwa kwa 0.2 pekee umejifunza 0.2. Kamera halisi hupangwa kwa mikondo ya ndani, kupanda na kushuka havilingani, na pikseli mbili jirani hazina kizingiti kimoja. Waliofunza E2VID, mtandao wa neva unaogeuza matukio kuwa video, mwaka 2019 walichota vizingiti kutoka mgawanyo wenye wastani 0.18 na mchepuko 0.03, utafiti wa mwaka 2020 ukaonyesha kwamba kutumia upana mkubwa zaidi kunaboresha matokeo kwenye data halisi. Badilisha kizingiti kwa kila rekodi, tenganisha cha kupanda na cha kushuka, kisha ongeza tofauti ya pikseli kwa pikseli. `--sigma_thres` ya v2e huja ikiwa 0.03.

Ukitaka kukadiria kizingiti cha kamera uliyonayo, kamera ya aina ya DAVIS ni msaada mkubwa kwa sababu inatoa fremu na matukio kwa pikseli zilezile. Rekodi mandhari moja taratibu, pitisha fremu zake kwenye simuleta, na usogeze kizingiti mpaka idadi ya kupanda ilingane na halisi. Rudia kwa kushuka.

Pili ni usafi uliopitiliza. Pikseli halisi ina mvujo unaotoa matukio ya kupanda hata gizani, na kiwango cha karibu 0.1 kwa sekunde kwa pikseli ni cha kawaida. Kwenye DAVIS346 yenye pikseli 89,960 hayo ni matukio 9,000 kila sekunde bila kitu kusogea. Mwanga ukipungua, kelele ya fotoni inaongezeka na pikseli inachelewa kuitikia. Chaguo la `--dvs_params clean` linafuta yote hayo. Ni zuri kwa kutafuta kosa kwenye programu, baya kwa kufunza.

Tatu ni lenzi. Simuleta inachora tundu la sindano. Lenzi yako inapinda pembeni. Pima upotoshaji wake kisha uondoe kwenye matukio halisi, au uuingize kwenye simuleta.

Mengine hayatatuliwi kwa kubadili namba. Usibadilishe mikondo ya kamera halisi nje ya mipaka ya mtengenezaji ili ifanane na simuleta; mshirikishe mhandisi wa sensa. Jaribio la mwanga unaopepesa kati ya hezi 3 na 30 lisifanyike mbele ya mtu yeyote mwenye kifafa. Waulize waliomo chumbani kabla ya kuwasha, na ukiwa na shaka acha. Na kama matukio hayo yanaendesha droni au mkono wa roboti, usiunganishe mota mpaka msimamizi wa usalama wa maabara awepo, kitufe cha kuzimia kikiwa mkononi mwa mtu ambaye hatazami skrini yako.